Mirka na Pazia la Mistari

Mtu akikwambia mama wa miaka hamsini na kitu hana kazi kwenye tamasha la muziki, jua hamjui Mirka Gawlik. Mirka anaendesha tramu, treni ya barabarani, mjini Łódź. Egesha gari lako kwenye reli uone, atakupigia kengele mpaka uombe msamaha. Mtoto wake ni mmoja tu, Kalina, na Kalina anapuliza tarumbeta. Alijifunzia kwenye balkoni, majirani wanagonga mabomba ya kupasha nyumba joto kwa hasira, na Mirka anagonga la kwake kuwajibu. Hayo ndiyo malezi, mengine ni maneno.

Kiangazi hiki bendi ya Kalina ikapata nafasi kwenye lile tamasha kubwa la karibu na bahari, nje ya mji wa Gdynia. Jukwaa dogo, tena mchana, lakini jukwaa. Kalina akapiga simu sauti imemkauka.

"Mama, nikiogopa midomo inakufa ganzi. Nitakutafuta kwa macho. Nisipokuona, hakitoki kitu."

"Kwani ulipokuwa mdogo, kule ufukweni Łeba, watu walikuwa wachache? Ulikuwa unanionaje?"

"Mama! Usithubutu kuleta lile pazia!"

Mirka akacheka, akakata simu, akalitoa pazia stoo.

Ni lile pazia refu lenye fito, la kuchomeka mchangani kuzuia upepo. Pwani ile kila familia inajizungushia lake kama imenunua kiwanja, na kila mtoto ameambiwa: ukipotea, tafuta mistari yetu. Mistari ya kina Gawlik ni ya rangi ya machungwa na kijani. Mibaya, inaumiza macho. Inaonekana kutoka mbali.

Treni ilijaa mpaka mlangoni. Mirka akakaa kwenye korido juu ya begi lake, pazia limesimama kati ya magoti, amezungukwa na vijana waliojipaka vumbi la kung'aa usoni.

"Shangazi, unaenda kuogelea?" akauliza mmoja mwenye kofia ya manjano, anaitwa Tymek. "Umepotea, hili ni behewa la vijana!"

"Naenda kumsikiliza binti yangu jukwaani. Wewe nani anakuja kukusikiliza?"

Korido nzima ikaangua kicheko. Tymek akanywea. Mirka akamhurumia, akampa yai la kuchemsha na tango la chumvi. Kuanzia hapo pazia likabebwa na Tymek.

Getini, mlinzi akatikisa kichwa.

"Mama, fito haziingii."

"Hili ni pazia."

"Naliona. Hata mimi ninalo nyumbani. Lakini fito haziingii."

Mirka alisahau kabisa kwamba huku si ufukweni. Foleni nyuma ikaanza kunung'unika. Akajaribu kumpigia Kalina, simu haishiki, mtandao umezidiwa. Halafu kwenye spika akasikia bendi ya binti yake inatangazwa.

Hakubembeleza. Fito zile alizishonea ndani mwenyewe, kwa uzi mnene. Akaukata uzi kwa meno, mshono mmoja baada ya mwingine, akazichomoa zote na kumkabidhi mlinzi.

"Shika. Nikitoka nazitaka."

"Sawa, mama," akasema mlinzi, mikono imejaa fito.

Mirka akakimbia na kitambaa mkononi, Tymek na wenzake nyuma yake. Kwenye jukwaa dogo umati ulishafika hadi nyuma kabisa. Kalina kasimama na tarumbeta, macho yanazunguka huku na kule. Zamu yake ikafika, akapuliza. Ikatoka sauti ya bata aliyekabwa. Watu wa mbele wakatazamana.

Mirka akanyoosha mikono juu. Mfupi, haonekani.

"Leta huku, shangazi!" Tymek akapanda mabegani mwa rafiki yake, akashika pembe moja. Msichana mmoja akapandishwa naye, akashika pembe ya pili. Mistari ya machungwa na kijani ikapanda juu ya vichwa, upepo wa bahari ukaitandaza.

Kalina akaiona. Akainama, mabega yanatikisika kwa kicheko, aibu na furaha pamoja. Akajipangusa midomo, akainua tarumbeta.

Safari hii ilitoka. Ilitoka safi, pana, ikapita juu ya hema na watu, na waliokuwa wanaelekea kununua bia wakageuka.

"Hebu shusheni hilo dude!" akafoka jamaa wa nyuma. "Hatuoni kitu!"

Mirka hata hakugeuka.

"Tumia masikio, kaka," akasema. "Huyo anayepuliza ni wangu."