Mama Ramani Ahama

Mchora ramani wa ofisi ya maji, ambaye wote walimwita Mama Ramani, alivumilia kila kitu isipokuwa mtu kumgusia mipangilio yake. Wafanyakazi wanne waliingia kwenye kompyuta kuu kwa akaunti moja, na faili la mipangilio lilikuwa hilo hilo moja. Yeye akikuza maandishi kwa ajili ya macho yake, mpima mabomba anayarudisha yawe kama sisimizi. Karani naye anapaka skrini rangi ya waridi.

"Fahali wawili hawakai zizi moja, sisi tuko wanne!" alifoka. "Leo nahama!"

Akatengeneza folda yake, akaweka humo faili lake mwenyewe, kisha akaandika mstari wa kuiamuru programu: usisome kule, soma hapa. Herufi zikawa kubwa kama mabango. Akaenda nyumbani kifua mbele.

Asubuhi mpima alimjia amenuna. "Mama, nani kanifanyia hivi? Neno moja limejaza skrini nzima!"

Mama Ramani akakagua, akanywea. Ule mstari alikuwa ameuandika kwenye faili la kuanzia, linalosomwa kila mtu anapoingia kwa akaunti ile. Kumbe alikuwa amehama na majirani wote.

"Haya, nautoa," alisema kwa sauti ndogo.

"Usijisumbue, Mama," karani alimjibu kwa upole. "Ulipokuwa ukikagua, tumeufuata huo mstari, tukaliona faili lako lilipo."

Mama Ramani akageukia skrini yake. Sisimizi walikuwa wamejipanga juu ya waridi.