Abiria Aliyekalia Suruali Yangu ya Kaki

Naomba mnisikilize hadi mwisho, ndipo mcheke. Wanangu walicheka, wajukuu wakacheka, hata shehe jirani yangu hapa Pasiansi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, nikiwa na akili zangu timamu, jua likiwaka, na nikiwa na suruali mbili: moja nimeivaa, nyingine nimeifunga kwenye keria ya pikipiki.

Uhuru ulikuwa ndiyo kwanza umeingia. Nilikuwa bwana shamba kijana, kazi yangu kuzunguka vijijini nikiwahimiza wakulima wang'oe mabua ya pamba kabla mvua hazijaanza. Nilikuwa nimenunua pikipiki iliyokwisha kutumika kutoka kwa mhandisi mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao, na tangu siku ile sikutembea tena kwa miguu, hata kwenda msalani ningeiendesha kama mlango ungetosha. Niliendesha na kaptula. Kiangazi cha Mwanza mnakijua, mawe yanashika moto tangu asubuhi, nani atavaa nguo ndefu? Ila bomba la moshi, lile mnaloliita ekzosi, liko sawasawa na shavu la mguu wa kulia. Ukijisahau kidogo tu, unasikia harufu ya nyama choma na nyama ni wewe.

Basi nikampenda binti mmoja aitwaye Nyamizi, niliyemwona kwenye ngoma Bujora. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa mfugaji mbele kidogo ya Kisesa. Nilipotuma mshenga, mzee hakuuliza habari za ng'ombe. Aliuliza kama ni kweli mimi ni yule kijana wa pikipiki. Mshenga akakubali. Mzee akasema hamwozi bintiye kwa mtu atakayeacha ngozi yake barabarani, lakini nije Jumamosi, nije na hiyo hiyo pikipiki, anitazame miguu.

Anitazame miguu! Nyamizi mwenyewe hakujua baba yake ana ugomvi gani na pikipiki. Alijua tu kwamba neno hilo halitajwi nyumbani kwao.

Nikaenda kwa Fundi Selemani, aliyekuwa na cherehani kwenye baraza moja nyuma ya soko. Baba yake alikuwa Mwarabu, mama yake Mkerewe, na yeye mwenyewe alikuwa hana haraka na mtu yeyote duniani. Nilimwambia nataka suruali ya kuendeshea, isinipike kwa joto, isiniache niungue, na inifae mbele ya wakwe. Hakunipima nimesimama kama mafundi wengine. Alinikalisha juu ya robota la nguo, miguu huku na huku, mikono mbele kama nimeshika usukani, watu wa sokoni wakapita wananiangalia. Alisema suruali ya pikipiki hupimwa mtu amekaa, maana ukikaa inapanda, na pale inapoishia ndipo ekzosi inapoanzia.

Ngozi alikuwa hataki hata kuisikia. Nami nilikuwa namwelewa, kwa sababu yule mhandisi aliniachia suruali yake ya ngozi, nikaivaa alasiri moja tu, na kuivua ilibidi nisaidiwe na watu wawili. Fundi akanionyesha kaki nzito ya pamba. Alisema ataikata pana mapajani hewa ipite, chini aweke vifungo vya kubana isijae upepo, kisha atie kitambaa cha pili magotini, nyongani, na ndani ya mguu wa kulia. Aliyasema hayo polepole, huku akiipiga kaki kwa kiganja kama anayepiga shingo ya ng'ombe mzuri.

Niliposikia kitambaa cha pili nikakunja uso. Mwanamume gani huenda ukweni na viraka? Nikamwomba anishonee na nyingine ya gaberdini, nyepesi, rangi ya maziwa, yenye mkunjo wa pasi unaoweza kukata mkate. Fundi alinitazama juu ya miwani.

"Hii ya maziwa ni ya kukaa kitini," alisema. "Sasa chagua, utakwenda na kiti?"

Nilichagua ya maziwa. Ile ya kaki niliikunja, nikaifunga kwa kamba kwenye keria, ili Fundi anapochungulia kutoka barazani aone angalau naondoka nayo.

Jumamosi alasiri nikapita Buzuruga, nikashika barabara ya Kisesa. Gaberdini ilikuwa inapepea mapajani kama bendera mpya, na mimi naimba. Nilipoacha nyumba nyuma, nikamwona mtu amesimama kando ya barabara mahali pa upweke, hapana nyumba wala kivuli. Kijana wa umri wangu, shati jeupe, kaptula, pekupeku. Akainua mkono. Nikasimama. Mngenilaumu? Ni jua lile, na ni sisi watu wa Uhuru, tulikuwa tunapakiana hata na mbuzi.

Akapanda, akakalia furushi la kaki. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, kwa sababu pikipiki ile ikipakia mtu mzima ilikuwa inalalamika kilimani kama mzee wa baridi yabisi. Safari hii haikulalamika. Tulipanda kilima kama niko peke yangu.

Akaanza maneno. Aliniuliza niko gia gani, kama breki ya nyuma inashika vizuri, na suruali hii nyepesi nimeishonesha wapi. Nikajibu kwa majivuno kidogo. Akacheka kicheko cha kirafiki kabisa.

"Na hii niliyoikalia mimi?" aliuliza. "Suruali nzuri namna hii unaifanya mto?"

Nikamwambia ina viraka. Akanyoosha mkono, akanipiga kofi la utani hapa pajani, na jamani, nilihisi ubaridi kama nimemwagiwa maji ya mtungi. Nikainamisha macho. Nikaona mguu wake wa kulia.

Alikuwa ameuegemeza kwenye ekzosi. Hakuugusisha tu, aliuegemeza, shavu lote la mguu, mtupu, juu ya bomba ambalo kwa mwendo ule lingekaanga yai. Hapakuwa na harufu. Hapakuwa na moshi. Mguu umetulia pale kama umelazwa kwenye mkeka.

Sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilishika breki zote mbili, pikipiki ikazima. Yeye akashuka taratibu, akafungua kamba, akanipa ile kaki mkononi.

"Vaa hii," alisema. Hakucheka tena. "Mimi sikuwa na wa kunipa."

Nilivaa. Pale pale kando ya barabara, nikiruka kwa mguu mmoja kama korongo, bila kuuliza swali. Nilipokuwa nafunga vifungo vya chini nikamsikia anasema, "Haya, mkwe, wasalimie." Nikainua kichwa. Barabara tupu mbele, tupu nyuma, majani hayakutikisika. Na sikuwa nimemwambia naenda kwa nani.

Niliondoka kwa mwendo ambao hata sasa sipendi kuukumbuka. Mnadhani mtu anayemkimbia asiyeonekana huwa anatazama mbele? Kwenye kona, ng'ombe wakawa wanavuka. Nikapinda, tairi ikateleza kwenye changarawe, nikalala na pikipiki ubavuni, tukaburuzwa mimi nayo hadi mtaroni.

Nilipoinuka nilijipapasa nikitegemea damu. Kitambaa cha nje nyongani kilikuwa kimechanika chote, cha ndani kizima. Goti, vilevile. Mguu wa kulia ulikuwa chini ya ekzosi kwa muda, kaki imepata doa jeusi, ngozi haina kitu. Nilikaa mtaroni nikacheka peke yangu mpaka wachunga ng'ombe wakasogea mbali.

Nikafika ukweni nina vumbi kichwani na suruali imechanika. Mzee Masanja alikuwa kwenye kiti cha miguu mitatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama usoni. Akaniambia nikunje suruali. Nikakunja, mbele ya wakwe wote, nikiwa na haya kama bibi harusi. Akatazama mguu huu, akatazama huu. Akauliza nimeanguka wapi, na huko nyuma nilikuwa na nani, maana rangi ya uso wangu haikuwa ya mtu aliyeanguka tu.

Nikasimulia. Nilipofika kwenye mguu juu ya ekzosi, mama Nyamizi akaenda ndani. Mzee akasema polepole kwamba alikuwa na mdogo wake, karani wa ununuzi wa pamba, wa kwanza eneo lile kupanda pikipiki. Aliendesha na kaptula. Alianguka kwenye kona hiyo hiyo, mguu ukachunika hadi mfupa, kidonda kikaoza, wakamzika.

"Alikuwa mcheshi?" mzee akaniuliza.

Nikamwambia sana. Mzee Masanja akafuta macho kwa kiganja, akatabasamu, akaita waniletee maziwa.

Nimeishi na Nyamizi miaka mingi, na kaki nimeshona nyingine na nyingine, kila moja na viraka vyake. Lakini hapa pajani, mahali pa lile kofi, pamebaki pabaridi mpaka leo. Kiangazi kikikolea, mke wangu huja kuegemeza kiganja chake hapo bila kuomba ruhusa.

Kwa hiyo ninyi mnaorukia pikipiki na kaptula kwa sababu ya joto, nawaonya. Tafuteni kaki pana, yenye kitambaa cha pili, mpimwe mmekaa. Na mkimpakia mtu njia ya Kisesa, tazameni kwanza mguu wake wa kulia umekaa wapi. Mkiukuta pale, msipige kelele. Simameni, mvae anachowapa, na mkifika salama mfikishe salamu zake.