Bibi Hajra Hakuwa Mpole

Karatasi ya tatu nayo ilirudi imekatwakatwa kwa kalamu nyekundu, na kalamu yenyewe ilikuwa ya Samia. Huko Nachingwea alikuwa mwalimu, amezoea kusahihisha watoto wa watu. Sasa alikuwa amekaa mkekani Nambilanje akisahihishwa na mjomba wake, Rashidy, na kesho ilikuwa arobaini ya Bibi Hajra. Wasifu wa marehemu ulikuwa bado haujapatikana.

“Hili la kumwacha mume, toa,” alisema Rashidy.

“Mjomba, si alimwacha kweli? Babu aliuza ufuta wake bila kumwambia. Bibi akajitwika kinu mpaka kwao Malolo, na wewe mgongoni.”

“Nilikuwa na miaka minne, sikuona kitu. Toa. Na hili la mnadani.”

La mnadani Samia alilipenda kuliko yote. Siku ya kuuza ufuta, Bibi alimwambia karani apande mizani yeye mwenyewe. Mizani ikitaja kilo za kweli za karani, Bibi naye ataamini zile za gunia lake. Karani hakupanda. Siku ya pili ililetwa mizani nyingine.

“Sasa kitabaki nini, mjomba?”

“Andika alikuwa mpole, mwenye maneno machache. Wageni watakuja, mwanangu. Tumsitiri mama yangu.”

Samia alishusha pumzi. Waliomchosha ni wawili, huyu na marehemu. Kwani Bibi hakumwuliza mchumba wa Samia, tonge likiwa mdomoni, kama kwao hula kila siku? Akiwa na miaka sabini na ushei alinyang'anya vijana pampu, akavaa mabuti na kujifunga kanga puani, akapulizia mikorosho dawa mwenyewe, kisha akalalamika mwezi mzima kwamba hana wa kumsaidia. Mgeni akifika, anamwuliza ataondoka lini. Mgeni akiondoka, analia. Na mtu huyo ndiye wa kuandikwa mpole. Samia akaitia mekoni ile karatasi ya kwanza, iliyosema kweli, akaandika ya nne, alivyotaka mjomba.

Kesho yake, dua ilipokwisha, alisimama kusoma.

“Marehemu Bibi Hajra alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache...”

Mtu mmoja alikohoa. Wa pili akakohoa. Ndipo akatokea Josephina upande wa jikoni, mama wa Kimakua, mtani wa ukoo na jirani wa Bibi miaka thelathini. Mtani msibani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, na anayeguswa hakasiriki. Josephina alikuwa amevaa mabuti ya Bibi, kanga ya Bibi imemziba pua.

“Nani mpole?” aliuliza, kwa sauti ileile ya kukwaruza. “Samia, nilikusomesha uje kunisingizia mbele za watu?”

Samia aliishusha karatasi. Wanawake walianza kucheka, na wawili kati yao walikuwa wanalia.

“Na wewe Rashidy, unanikalia hapo na kanzu mpya. Mikorosho ya Malolo umeipalilia?”

“Bado, mama,” alijibu Rashidy.

Ilimtoka kabla hajajua. Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Rashidy alivua kofia, akajifunika nayo uso, mabega yakimtikisika.

“Samia,” alisema hatimaye, kofia bado usoni. “Soma ile ya kwanza.”

“Niliitia mekoni, mjomba.”

“Basi sema kwa mdomo. Mwalimu mzima unashindwa?”

Karatasi nne, na sasa kwa mdomo. Samia aliikunja ile ya upole mara nne, akaiweka chini ya sahani ya ubani.

“Bibi Hajra,” alianza, “aliondoka kwa mumewe asubuhi, kinu kichwani...”

“Kinu na mchi,” Rashidy alimkatiza. “Mchi aliushika mkononi. Ulinigonga goti njia nzima.”