Siku Niliyosema Fifi

Miaka ya mwanzo ya uhuru nilikuwa meneja wa ghala la pamba la ushirika karibu na Nagongera, wilaya ya Tororo. Nilikuwa kijana, nimesoma sekondari, na nilipenda kusema kwamba nina kazi nyingi. Kweli nilikuwa nazo: malori, magunia, barua za ofisini, wakulima wa Molo na Sop Sop waliofika kabla jua halijachomoza. Lakini si kazi iliyonifanya mkali. Sasa nakiri kwamba ni msaidizi wangu.

Alikuwa Msamia wa Busia, upande wa Kenya, na elimu yake ilikuwa ndogo kuliko yangu. Kazi yake ilikuwa kuchambua pamba. Nyeupe tuliiita safi. Yenye madoa, iliyoliwa na wadudu, tuliiita fifi, na bei yake ilikuwa ya chini. Mkulima alimwaga pamba yake mkekani, msaidizi akachuchumaa mbele yake, na kabla ya kugusa chochote alisalimu: kwa Kidhopadhola, kwa Kiteso, kwa Kiswahili cha mpakani. Aliuliza habari za mvua, za ng'ombe aliyekuwa mgonjwa wiki iliyopita. Hata mtu ambaye pamba yake iliitwa fifi aliondoka akimshukuru.

Mimi walinivulia kofia, wakapita. Kila alipokwenda kwao Jumamosi, watu walichungulia mlangoni wakaniuliza, "Yule mwingine yuko?"

Yule mwingine. Meneja ni mimi, funguo ninazo mimi, nao wanamtafuta mwingine. Niliposikia kicheko kule mkekani, kalamu ilinikwama mkononi. Nilitoka nikaigombeza foleni kwamba tunachelewa. Hatukuwa tunachelewa.

Asubuhi moja alikuwa na mama mzee wa Sop Sop. Salamu zilirefuka, mama akamshika mkono, akamwita mwanangu. Niliacha meza, nikasimama kando ya mkeka, na bila kuinama nikasema, "Fifi yote. Anayefuata."

Pamba ilikuwa nyeupe kabisa. Hata aliyekuwa mwisho wa foleni aliiona. Mama akaanza kuirudisha kikapuni, konzi kwa konzi.

"Mimi nakwenda," alisema. "Pamba yangu iko safi. Fifi iko kwa roho yako."

Nilimgeukia msaidizi anitetee. Akasimama, akapangusa magoti.

"Bwana Meneja, huna haraka yoyote," alisema taratibu. "Una hasira na mimi. Ungeniambia mimi."

Nikamjibu kwamba kama anataka umeneja, aende akautafute kwao. Akaondoka siku hiyo hiyo, na mimi nikafurahi, kama siku mbili hivi.

Foleni ikawa fupi. Wakulima walipeleka pamba kwingine. Sasa nilikuwa na nafasi tele, na bado nilifokea watu. Ndipo nilipoelewa kwamba shughuli nyingi zilikuwa kisingizio tu. Nikaanza kuchuchumaa mkekani mwenyewe. Nilipohisi joto linapanda kifuani, niliuliza habari za nyumbani, nikasubiri jibu lote hadi mwisho. Mwanzoni nilijilazimisha, na nadhani walijua.

Msimu uliofuata yule mama akarudi. Akatazama huku na huku, akauliza yule mwingine yuko wapi. Nikamwambia nilimfukuza kwa sababu ya wivu. Akamwaga pamba yake, nikaichambua polepole mbele yake. Ilikuwa safi. Alipokuwa akijitwika kikapu kitupu akasema, "Ukifika Busia, nisalimie mwanangu."

Nilifika Busia mara nyingi. Nilipita karibu na nyumba ya yule msaidizi, nikaona moshi wa jikoni kwake, nikajiambia nina kazi, nitaingia siku nyingine. Alifariki kabla sijaingia.

Haikuwa kazi iliyonizuia. Hata zile salamu za yule mama nilimwonea wivu.