Sauti ya Eduvina Kwenye Spika za Chui Chongo

Marehemu alinitaja jina mbele ya mtaa mzima, saa tisa alasiri, nikiwa nimeshika chupa ya bia.

Sisemi ndoto. Watu kumi na tano walisikia, na wote waligeuka kunitazama mimi.

Naitwa Libardo. Nimezunguka sana, nimepakua ndizi, nimepika kwenye meli, nimelala bandari ambazo majina yake nimeshayasahau. Shule nilisoma vipande vipande. Kwa hiyo nisameheni kalamu yangu, jambo lenyewe ni la kweli.

Kule Barranquilla, mtaa wa Rebolo, kila mtu anamjua Nicanor Pertuz. Asiyemjua yeye anaijua picó yake.

Picó ni mtambo wa muziki wa ngoma za mtaani. Sanduku la mbao refu kuliko mlango, limejaa spika, na kitambaa cha mbele kimechorwa picha kali. Ya Nicanor imechorwa chui mwenye jicho moja. Jina lake Chui Chongo.

Kila picó ina placa yake. Ni majigambo mafupi yaliyorekodiwa, mwenye mtambo anayachomeka juu ya wimbo ili wapinzani wajue wako mbele ya nani. Hayapigwi peke yake hata siku moja. Yakianza tu, wimbo unayafunika.

Placa ya Chui Chongo ilisemwa na Eduvina, mke wa Nicanor. Mwaka themanini na mbili huo, akiwa na miaka ishirini na miwili na sauti ya kukufanya usimame katikati ya barabara.

Eduvina alifariki Novemba, mwaka juzi.

Baada ya mazishi Nicanor alikuwa anakaa sebuleni, mgongo kwenye lile sanduku, kama mtu anayeota jua. Ukimuuliza anafanya nini, anakwambia, "Nipo na mke wangu. Humu ndimo alimobaki."

Binti yao Yamile akarudi kutoka Bogotá. Yeye ni fundi sauti, amesomea. Alikuja na spika mbili za kisasa, nyeusi, nyembamba, unaweza kuibeba moja kwapani.

"Baba, karnivali inakaribia. Hilo sanduku limeliwa na mchwa. Tuweke hizi, kitambaa cha chui tukitundike mbele."

"Hizo si spika," Nicanor akasema. "Hizo ni radio za kinyozi."

"Zinasikika vizuri kuliko za kwako mara kumi."

"Zinasikika kama mtu anayepiga mswaki."

Walibishana wiki nzima. Eustorgio, fundi viatu wa jirani, alikuwa anakuja na kigoda chake kabisa kusikiliza ugomvi.

Mwisho Yamile akasema, "Sawa. Kaa utupe mgongo. Nikupigie za zamani na mpya bila kukwambia ipi ni ipi. Ukikosea, tunavunja sanduku. Ukipatia, sitalitaja tena."

Mzee akaligeukia sanduku lake. Likivunjwa lile sanduku, kwake ni kama mkewe ameondoka mara ya pili.

"Nakubali," akasema. Kisha akanigeukia. "Libardo utakuwepo. Wewe unaijua sauti ya Chui."

Mimi nilikuwa nakaa chumba chake cha nyuma tangu niliporudi kutoka safari zangu, na nilikuwa upande wake. Siku zote nilisema za zamani ndizo spika, zina besi inayokaa tumboni, hazina kelele za juu za kukwaruza sikio. Ungeniuliza sababu nisingekuwa nayo.

Jumapili ikafika. Watu wakajaa uani, samaki wa kukaanga, mihogo, bia. Nicanor akakaa kwenye kiti chake, uso ukutani. Yamile nyuma ya pazia na nyaya zake.

Wimbo wa kwanza ukapigwa mara mbili.

"Ya kwanza ndiyo ya zamani," Eustorgio akadakia.

"Eustorgio, wewe husikii hata mkeo akikuita," Nicanor akasema bila kugeuka. "Ya pili ndiyo yangu."

Ilikuwa ya pili.

Wimbo mwingine. Akapatia tena. Watu wakaanza kumshangilia, na nilimwona Yamile akichungulia pembeni ya pazia, anatabasamu kwa uchungu. Nadhani alikuwa anatamani ashindwe yeye, si baba yake.

"Mara ya mwisho, baba. Chagua wewe nipige nini."



"Nipigie mama yako," Nicanor akasema. "Peke yake. Bila wimbo."

Hapo ndipo tulipokosea sote. Hakuna mtu wa picó anayepiga placa bila wimbo. Lakini nani angemkatalia mgane?

Kwanza ikapigwa kwenye sanduku la zamani.

"Chui Chongo. Ana jicho moja, linawatosha nyote."

Sauti nene, ya joto, kama inatoka chini ya blanketi. Kisha mngurumo mngurumo wa santuri kuukuu, basi. Akina mama wakafuta machozi.

Halafu Yamile akahamishia kwenye spika mpya.

Jamani.

Ilikuwa kama Eduvina amesimama uani. Nilisikia bangili zake zikigongana. Nilisikia jogoo kwa mbali, jogoo aliyekufa miaka arobaini iliyopita. Nilimsikia akilamba midomo kabla ya kusema.

"Chui Chongo. Ana jicho moja, linawatosha nyote."

Na pale kwenye mngurumo, kumbe haukuwa mngurumo. Ilikuwa sauti ya kijana wa kiume, ananong'ona.

"Tuondoke, Eduvina. Kesho. Kabla hajarudi kutoka Maicao."

Ile sauti niliijua. Nimeishi nayo ndani ya koo langu.

Siku ile ya mwaka themanini na mbili Nicanor alikuwa safarini Maicao kutafuta santuri. Aliniachia kazi ya kurekodi placa, mimi rafiki yake wa kufa na kuzikana. Nilidhani nimezima kinasa sauti. Kumbe nilibonyeza ovyo, na kanda ikaendelea kuzunguka. Fundi wa mjini akaichapa kwenye santuri pamoja na kila kilichokuwamo.

Spika zikaendelea. Pumzi moja ya mwanamke. Kisha:

"Usiniambie tena maneno hayo. Mimi ni wa Nicanor. Zima hiyo mashine, Libardo."

Watu wote uani wakageuka kunitazama mimi.

Nicanor hakugeuka.

"Rudisha," akasema.

"Baba, tuache."

"Rudisha, binti yangu."

Akarudisha. Mara ya pili. Mara ya tatu. Ya tatu mzee akainua kidole.

"Hapo mwisho. Masikio yangu yamezeeka. Amesema yeye ni wa nani?"

Yamile akatoka nyuma ya pazia, analia. "Wa Nicanor, baba. Amesema yeye ni wa Nicanor."

Mzee akainamisha kichwa, akakaa hivyo. Nilikuwa nangoja anirushie kiti. Nilikitaka kile kiti kinipate. Badala yake akainuka, akachukua bisibisi, akaenda nyuma ya sanduku la zamani.

"Libardo, njoo uone kitu."

Nikaenda.

Akafungua ubao wa nyuma. Ndani, juu kabisa, palikuwa na twita nne, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Nyaya zake zote zilikuwa zimekatwa. Ncha zimefungwa utepe mweusi, umekauka mpaka unameguka kama ngozi ya mjusi. Haikuwa kazi ya panya.

"Nilikata mwenyewe," akasema. "Wiki niliyorudi kutoka Maicao. Nilikuwa peke yangu, naijaribu santuri. Nikakusikia unamwambia muondoke. Nikainua sindano, nikazikata nyaya hizi ili mnong'ono huo usisikike tena."

"Hukusikiliza mpaka mwisho?"

"Niliogopa mwisho."



"Nilipouliza habari zako wakaniambia umeshaondoka, peke yako. Basi nikajipigia hesabu zangu. Nikasema huyu mwanamke alikuwa ameshafunga mizigo, wewe ndiye uliyemkimbia. Amebaki kwangu kwa kukosa pa kwenda. Miaka arobaini na moja, Libardo, nimekula chakula chake nikidhani nakula makombo yako."

"Mbona ulinipokea niliporudi? Ulinikumbatia mlangoni pale."

"Nilitaka nione macho yake akikutazama. Nilikuwa naangalia kila siku. Sikuona kitu. Nikasema, anajua kuficha."

Alikuwa anashikashika zile nyaya kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo.

"Unajua hospitalini aliniuliza nini? Siku mbili kabla hajafariki. Aliniuliza, Nicanor, nilikukosea nini mpaka ukanipenda nusu? Nikamwambia alale, asijichoshe."

Hapo ndipo alipolia. Si kwa sauti. Mabega tu.

Nami niliyesababisha nilikuwa nimesimama pembeni yake, siwezi hata kumgusa. Ningemgusa kwa mkono upi? Miaka yote ile ningeweza kumwambia: ndugu yangu, nilimtaka mkeo, naye akanikataa. Maneno machache tu. Nilinyamaza nikijisifu kwamba nimetunza siri ya mwanamke. Uongo. Nilikuwa natunza sahani yangu mezani pake.

Yamile akaleta koleo. Hakunitazama.

"Hatulivunji, baba."

"Najua," akasema.

Akabandua utepe, akaunga waya mmoja mmoja, binti yake amemshikia taa. Ilichukua kama nusu saa. Hakuna mtu aliyeondoka uani.

Kisha akaiweka santuri mwenyewe, kwenye spika za zamani.

Twita zikakohoa vumbi, zikakwaruza, zikaamka. Na Eduvina akasema yote. Sauti ilikuwa ya mafua kidogo kuliko kwenye zile mpya, lakini neno halikupotea hata moja. Yale mabishano yote ya zamani na mpya, kumbe tulikuwa tunamlinganisha mzima na mtu aliyezibwa mdomo.

Nicanor aliweka kiganja kwenye kitambaa, mahali ambapo sauti inatokea.

"Mama Yamile," akasema polepole, "nimesikia."

Sindano ikafika mwisho wa santuri.

Akanigeukia. Macho mekundu, lakini uso umetulia kuliko nilivyowahi kuuona.

"Nenda, Libardo. Sina hasira na wewe, nimezeeka mno kwa hasira. Ila nikikuona nitakumbuka kwamba ningeweza kumuuliza mke wangu, na sikumuuliza."

Nikaenda. Nilichukua begi langu chumba cha nyuma, nikapita katikati ya watu, wakanipisha njia. Eustorgio peke yake alinishika mkono. Akaniangalia, akauachia.

Sasa naishi Ciénaga, nakarabati nyavu za watu. Yamile alinipigia simu mara moja tu. Alisema baba yake anaipiga placa kila siku saa ya chakula cha mchana, na kwamba ameanza kuandaa sahani mbili, yake na ya mkewe.

Wewe unayesoma hapa, pengine kuna neno ulilolisikia nusu, ukajijazia mwenyewe nusu iliyobaki, na umelala nalo kitanda kimoja miaka na miaka.

Kamuulize mwenye neno hilo leo, wakati bado unasikia vyombo vikigongana jikoni.