Chapati ya Mkono wa Kushoto

Binti yangu alipasuliwa kichwa akiwa darasa la kwanza. Sikio lilikuwa linatoa usaha, usaha ukafika hadi kwenye ubongo, na madaktari wa hospitali ya rufaa wakautoa usaha huo. Nilirudishiwa mtoto yuleyule mbishi, ila sasa anakunywa dawa za kifafa na mkono wa kulia umelegea. Mtaalamu wa mazoezi alisema utarudi polepole, mradi afinyange kitu laini kila siku. Mimi nauza chai na chapati hapa Katoro, kwa hiyo kitu laini sikukitafuta mbali. Kila asubuhi alikanda donge lake la unga, miaka ikaenda.

Alipoanza kunisaidia kuhudumia, kwa mkono wake mzima wa kushoto, tatizo likawa wateja. Wachimbaji wa dhahabu wanashuka duarani, kwenye shimo refu la mgodi, kwa kamba bila woga, lakini wape chapati asubuhi kwa mkono wa kushoto, wanaona mkosi. Mzee mmoja aliiacha mezani akaondoka na njaa yake. Nilimsindikiza kwa maneno mpaka kijiwe cha bodaboda. Binti yangu alijificha nyuma ya jiko, akakataa kuhudumia mtu.

Siku moja kijana mwenye njaa kuliko imani akapokea ya kushoto, akala. Jioni duara lao likatoa dhahabu. Basi! Kesho yake nikakuta foleni, na yule mzee wa mkosi yumo, wote wanataka ya kushoto. Ukiwapa ya kulia wanakutazama kana kwamba imelala. Binti akatoka mafichoni, maringo hayo usiseme.

Nilicheka sana, mpaka nilipoona donge lake limekauka kwenye sahani.

“Mama, wa kulia wa nini?” akaniuliza. “Wanaupenda huu.”

Hapo moyo uliniuma. Dhahabu ya watu ilikuwa inaninyang'anya mkono wa mwanangu. Nikamwambia asiyekanda hahudumii. Alinuna, akanisema kwa bibi yake, lakini alikanda.

Wiki iliyopita yule mzee aliagiza chai. Binti akashika kikombe kwa mkono wa kulia, akavuka nacho kibanda kizima, nusu ikamwagika njiani. Mzee akakunja uso.

“Mwanangu, nipe kwa ule wa bahati.”

“Shikamoo babu,” akajibu. “Ndio huu.”

Kikombe kilikuwa kinatetemeka. Mzee akautazama ule mkono, akavua kofia, akakipokea kwa mikono miwili.