Mwaka Fundichuma Alipohamia Kilimani

Nilikuwa na miaka kumi mama alipojifungua mapacha, na Bibi mzaa mama akatuma ujumbe kutoka Ngumbo, kule ziwani, kwamba apewe mtoto mmoja wa kukaa naye mpaka mama apate nguvu. Nikachaguliwa mimi. Nilikuwa mtoto wa milimani, nimezaliwa Mbinga katikati ya mibuni, na ziwa nilikuwa nimeliona mara mbili tu. Niliteremka juu ya lori la mahindi, nguo zangu zimefungwa kwenye kitenge, nimewakasirikia wale mapacha kwa kunifukuza nyumbani.

Hasira ile haikumaliza wiki. Bibi alikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukikuta kwa mtu mzima yeyote kule milimani: muda wa kutazama ndege.

Nyumba yake ilikuwa kwenye tambarare, pale mto unapoingia ziwani. Mjomba Festo, kaka yake mama, alikuwa amejenga hapo hapo nyumba ya matofali mabichi na kuiezeka kwa bati. Yeye alivua, na mke wake alianika usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye vichanja karibu na maji. Mbele yetu kulikuwa na kinamasi cha matete na mafunjo. Nyuma, ukishavuka mashamba ya mpunga, kilima kilianza kupanda, na huko juu msitu wa miombo, mwezi wa tisa, ulikuwa unachipua majani mekundu kabla mvua haijafikiria kunyesha.

Mwezi huo Bibi aliupenda kuliko yote. Asubuhi, uwanja ukishafagiwa, aliniita: "Osmunda, twende tukaone nani amefika." Tulikaa kwenye gogo ukingoni mwa kinamasi, jua likiwa mgongoni. Ukilipa jua uso, alisema, utaona vivuli tu na kuvipa majina ya uongo. Maneno hakuyataka kabisa pale.

Siku za kwanza sikuona kitu ila matete. Halafu jicho likaanza kufunguka. Nilimwona mdiria akitetemesha mabawa mahali pamoja hewani, kisha anadondoka majini kama jiwe na kutoka na samaki. Nilimwona korongo wa kijivu aliyesimama kimya hivi kwamba nilibisha kuwa ni kisiki, mpaka kisiki kikameza chura. Minana walifuma viota vyao kama vikapu kwenye ncha za matete kwa kelele za soko zima. Na asubuhi moja anga juu ya maji likawa limejaa keremkerem, wale ndege wala nyuki, mamia kwa mamia, ambao jana yake hata mmoja hakuwepo. Bibi akasimama, kama alivyosimama kumpokea padri. "Wageni wamefika," akasema. Siku ile ile akaanza kutengeneza shamba.

Tangu wakati huo nimeshika darubini nzuri, nimetembea na watu wanaojua majina ya ndege kwa lugha tatu. Sijakutana na jicho kama la Bibi yangu, ambalo halikuwahi kusoma zaidi ya kitabu cha sala.

Ndege aliyemheshimu kuliko wote alikuwa fundichuma, yule wa rangi ya kahawia mwenye kichwa kilichochongoka nyuma na mbele kama nyundo ya mhunzi. Dume na jike walikuwa na kiota kwenye mkuyu kando ya mto, nacho si kiota bali jumba: mzigo wa vijiti mkubwa kuliko kitanda changu, umepakwa tope, umefunikwa juu, mlango wa duara chini. Walikuwa wamechomeka humo kipande cha wavu, mfupa, na kitambaa cha kanga ambacho mke wa Mjomba aliapa kuwa ni chake.

"Nyumba ya fundichuma haiguswi," Bibi aliniambia siku ya kwanza kuniongoza pale. "Anayeibomoa, na yake itabomoka."

Watoto wenzangu walisema ndani mna vyumba vitatu, na katika kimoja analala nyoka mlinzi. Nilitaka kuona. Siku ambayo Bibi alimsindikiza mke wa Mjomba kliniki, maana alikuwa mjamzito, nilipanda mkuyu ule peke yangu na kuingiza mkono mlangoni. Sikugusa nyoka. Niligusa tope kavu, nikavuta, na ukingo mzima wa mlango ukabomoka na kuanguka mtoni. Wale ndege wawili wakaja wakinizunguka na kulia kilio ambacho nilikisikia hata nilipokuwa nimelala. Nikashuka, nikanawa mikono, nikanyamaza.

Baada ya wiki mbili hivi, tukiwa tunakula, Bibi akasema, "Fundichuma ameuacha mkuyu. Anajenga kilimani, kwenye mninga ulio juu ya shamba langu la muhogo."

Nikautoa mkono wangu kwenye ugali.

"Mto utakuja," akaendelea.

Mjomba akacheka, kwa adabu. "Mama, mto si upo hapa tangu enzi za babu?"

"Utakuja ndani."

"Kwa hiyo nihame nyumba ya bati kwa sababu ya ndege?"

"Sijasema wewe uhame. Nimesema mimi nahama."

Na akahama. Wanawake wenzake walimsaidia kusimamisha kibanda cha miti na nyasi pembeni mwa shamba la muhogo, akapanda na mkeka, vyungu viwili, kuku wake, na mimi. Mjomba alivumilia wiki moja. Ufukweni wavuvi wenzake walikuwa wanamuuliza, "Festo, mama yako amekukosea nini ukamfukuza?" Na mke wake, tumbo likiwa limekua, alichoka kupanda kilima kila siku kumjulia hali mama mkwe. Mwishowe Mjomba akahamisha kila kitu kwa siku moja bila kusema neno na mtu, akaifunga nyumba yake kwa kufuli.

Bibi aliwaambia majirani pia. Alipita nyumba hadi nyumba. Jirani yetu wa karibu, Mzee Linus, mtu wa maneno, alimjibu mbele ya watu: "Shemeji, na ndege huyo akihamia Songea, tumfuate na Songea?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sisi tukaitwa watu wa ndege, hata shuleni.

Kicheko kile Bibi alikibeba bila shida. Aliyeshindwa ni mimi, kwa sababu mimi peke yangu nilijua ndege yule hakuwa na habari yoyote ya mto. Alikuwa amekimbia mkono wangu.

Mvua ilipoanza, ilikuwa ya upole. Desemba ikapita, Januari ikapita, mto ukawa unapita mahali pake kama mtoto mwenye adabu. Kibanda chetu kilivuja. Mke wa Mjomba alijifungua mtoto wa kike, na kwa unyevu ule kitoto kikaanza kukohoa. Kule chini nyumba ya bati ilikuwa kavu, imefungwa, haina mtu. Kila nilipokisikia kile kikohozi nilijua neno langu moja lingewarudisha wote kwenye ukavu. Nilifungua mdomo mara nyingi. Nilimwogopa Bibi, na zaidi niliogopa aibu atakayoipata yeye, kwamba kijiji kizima kilimcheka na kijiji kilikuwa sahihi.

Mwezi wa tatu Mjomba akasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kufikiri, "Mama, nimekuheshimu vya kutosha. Jumamosi tunarudi." Bibi akaendelea kumenya muhogo. Nilifurahi sana, kwa maana sasa nisingehitaji kusema.

Alhamisi, mchana, tukiwa darasani, tulisikia muungurumo kama wa malori mengi yanateremka kutoka milimani. Ngumbo mvua ilikuwa manyunyu tu; ile kubwa ilikuwa imenyesha huko juu. Mwalimu akatoka nje, akarudi, akasema, "Pandeni kilimani. Mtu asipite njia ya mtoni."

Nilipofika shamba la muhogo, Bibi, Mjomba na mke wake walikuwa wamesimama wanatazama chini. Tambarare haikuwepo. Kulikuwa na maji ya rangi ya kahawia yaliyotandaa kutoka mashamba ya mpunga mpaka ziwani, yamebeba magogo, vichanja, mbuzi. Nyumba ya Mjomba ilisimama kidogo, halafu kuta zikalainika zikaketi chini taratibu, na bati likaelea. Hakuna aliyelia. Mjomba alimchukua mtoto mikononi mwa mkewe na kumkumbatia kifuani, akakaa hivyo mpaka jioni.

Kwa kuwa ilikuwa mchana, watu walikimbia, na Mungu alisaidia hakufa mtu. Lakini nyumba za tambarare zote zilikwenda. Mzee Linus alikuja kibandani na mke wake, wamelowa, wameokoa sufuria moja. Nilimtazama Bibi, nikisubiri aseme. Alisema, "Karibuni. Uji upo." Basi, hayo tu. Mzee Linus alipewa kikombe, na kwa muda mrefu alikishika tu bila kunywa.

Usiku ule sikulala. Niliyapanga maneno ya Bibi na yakakaa sawasawa: anayeibomoa, na yake itabomoka. Nilibomoa mlango mmoja, na kijiji kikabomoka. Siku ya pili yake nikamwona mke wa Mzee Linus anachimba tope kutafuta vyungu vyake, nikashindwa kujizuia. Nilimkuta Bibi anapalilia muhogo, nikamweleza yote nikiwa nalia.

Aliegemea jembe. "Ulimgusa lini?"

"Siku mliyokwenda kliniki."

"Kumbe." Akang'oa gugu moja. Halafu akauliza, "Ulipomfukuza, ulimwonyesha pa kwenda?"

"Hapana, Bibi."

"Kando ya mto kuna mikuyu mingine mitatu. Nilimwona amekaa juu ya kila mmoja, anageuza kichwa, anaondoka. Akaja huku. Huku hapana maji, hapana vyura, inambidi ashuke kila siku kutafuta chakula. Na keremkerem je, huoni mwaka huu walitoboa mashimo yao ya kutagia juu kabisa ya ukingo wa mto? Nao uliwagusa?"

"Hapana."

"Na mvua ya mlimani uliinyesha wewe?"

"Hapana."

"Basi kosa lako ni moja. Umebomoa nyumba ya mwenzako. Njoo umwombe msamaha."

Akanishika mkono tukaenda chini ya mninga. Jumba jipya lilikuwa pale juu, tope lake limekauka, na fundichuma mmoja alikuwa amesimama kwenye paa lake anatutazama kwa upande. Sikujua ndege anaanzwaje. Nikasema, "Shikamoo." Bibi hakucheka. Alisimama wima, mikono ameikunja mbele kama yuko kanisani, akanisubiri mpaka nikamaliza.

Sasa mimi ni mtu mzima, nafundisha shule ya msingi Mbinga, na Bibi alishatutoka. Najua mtu anaweza kuniambia kwamba ndege aliyetishwa huenda mbali, kwamba milima ilikuwa imefyekwa na mto ungekuja tu, mwaka ule au unaofuata. Yote hayo ninayakubali. Vilevile ninakumbuka kwamba kama ningekuwa mtoto mkweli kidogo zaidi, mtoto yule aliyekuwa akikohoa angerudishwa kwenye nyumba kavu, na sijui mchana ule wangewahi kumtoa vipi. Ana watoto wake sasa. Ananiita dada, na hajui.

Ninachokitamani kwa Bibi hata leo si kujua mambo ya kesho. Ni kwamba alimtazama ndege mmoja juu ya miti mitatu, siku baada ya siku, wakati sisi sote tulimwona mara moja tu tukapita. Halafu akaamini alichokiona, akabeba mkeka wake, akachekwa.

Mjomba alijenga upya mwaka uliofuata. Alijenga kilimani. Hakutueleza sababu, na hata Mzee Linus, aliyejenga jirani naye, hakumuuliza.